Kila Mahali na Majira Yake

Watu wajiandaapo kusafiri huuliza swali moja mara kwa mara: ni mwezi gani ulio bora wa kuizuru Kenya? Wageni watokao ng'ambo huliuliza, na wenyeji pia huliuliza. Huliuliza karani wa Nairobi aliyepata likizo ya majuma matatu na ambaye hajapata kuiona bahari. Huliuliza mkulima wa Kitale aliyekwisha kuuza mahindi yake, naye ataka kwenda Machakos kumzuru binti yake aliyeolewa huko. Kadhalika huliuliza mwalimu wa Kilifi anayetamani kuupanda Mlima Kenya kabla magoti yake hayajachoka. Swali lao ni moja, lakini jibu lao si moja. Mwezi umfaao wa kwanza waweza kumtia hasara wa pili, na kuyahatarisha maisha ya wa tatu.

Sababu yake ni kwamba Kenya si nchi ya hewa ya namna moja. Katika siku ile ile moja, mkulima wa Kinangop huweza kuamka akakuta majani ya viazi yameungua kwa baridi, na mfugaji wa Lodwar akatafuta kivuli kwa sababu ya joto, na mvuvi wa Lamu akakaa pwani kwa kuogopa upepo. Kwa hiyo msafiri mwenye busara haulizi kwanza, "Ni mwezi gani?" Huuliza, "Ni mahali gani, na kwa shughuli gani?" Akishayajua hayo mawili, mwezi umfaao hujitokeza wenyewe.

UREFU WA NCHI, PEPO NA ZIWA

Mambo matatu makubwa ndiyo yanayozigawanya hewa za Kenya. La kwanza ni urefu wa nchi. Mstari wa Ikweta hupita karibu na Nanyuki na Maseno, na mtu asiyejua angedhani kwamba nchi yote ni ya joto. Lakini joto hupungua kadiri mtu apandavyo. Kwa kila mita 1,000 hupungua kiasi cha digrii 6. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko juu kwa kiasi cha mita 1,700, Limuru hupita mita 2,000, na kilele cha Mlima Kenya hufika mita 5,199, mahali penye barafu ingawa Ikweta iko karibu. Basi mtu aondokaye Mombasa asubuhi akafika Limuru usiku amebadili hewa kabisa katika siku moja, na shati iliyomtosha kule haitamtosha huku.

La pili ni pepo. Jua hupita juu ya Ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, na mvua hulifuata baada ya majuma kadhaa. Hiyo ndiyo sababu sehemu nyingi za Kenya hupata mvua mara mbili: mvua ndefu kuanzia Machi mpaka Mei, na mvua fupi kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kati ya mvua hizo huwa na vipindi viwili vya ukavu. Cha kwanza, Januari na Februari, ni cha jua kali. Cha pili, Juni mpaka Septemba, ni cha baridi na mawingu katika nchi ya juu.

La tatu ni Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni kubwa hata lina pepo zake lenyewe. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Ukikutana na pepo nyingine juu ya milima ya Kericho na Nandi, mawingu hupanda na ngurumo huanza alasiri. Usiku pepo hugeuka zikaelekea ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi majini. Ndiyo maana kanuni ya mvua mbili, iliyo kweli kwa Nyeri na Machakos, haitoshi kwa watu wa magharibi.

MAJIRA YA PWANI

Watu wa Pwani hawakungoja vitabu ili kuyajua majira. Tangu zamani mabaharia na wakulima wao waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawanya kwa miongo, yaani siku kumi kumi, nao walijua ni mwongo gani wa kutweka tanga na ni mwongo gani wa kupanda mbegu. Hata leo majina yao ya majira humweleza msafiri mambo mengi.

Upepo wa kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Upepo huo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi katika bandari za Mombasa na Lamu. Wakati huo bahari hutulia, maji huwa maangavu, na maembe huwa tele sokoni. Aliye na hamu ya kuogelea, au ya kwenda kwa mashua kutazama samaki penye miamba, huu ndio wakati wake. Lakini asisahau kwamba Februari na Machi ni miezi ya kiangazi kikali. Mombasa hufika digrii 32 au 33 mchana, na usiku joto halipungui sana. Mtu wa bara asiyezoea hukosa usingizi, akarudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka.

Kisha kaskazi hukoma, na baada ya siku za pepo zisizotulia huanza kusi na masika. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote katika Mombasa. Mawimbi huwa makubwa, maji huchafuka, na mwani hutupwa pwani kwa wingi. Wenye hoteli hupunguza bei katika miezi hiyo, na kuna wasafiri waonao kwamba wamepata bahati. Bei ni rahisi kweli, lakini yafaa mtu ajue anachokinunua. Aendaye kupumzika chumbani na kusoma vitabu hatapata hasara. Aendaye kuwaonyesha watoto bahari kwa mara ya kwanza huenda akakaa nao dirishani siku tano wakitazama mvua.

Mvua zikiisha huja kipupwe, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Joto la mchana hushuka mpaka digrii 27 au 28, na upepo wa kusi huvuma bila kukoma. Kwa mtu wa bara hiyo ndiyo hewa ya kumfaa, ingawa bahari haijatulia. Mwishoni mwa kusi huja demani, Septemba na mwanzo wa Oktoba, ambapo upepo hupungua nguvu, mvua za vuli hazijaanza, na joto halijawa kali. Wageni si wengi wakati huo, na bahari huanza kutulia tena. Asiyefungwa na shule za watoto wake atafanya vema kuufikiria wakati huo kabla ya mwingine.

Kwa Lamu kuna kalenda nyingine ya kuangaliwa, nayo ni ya mwezi mwandamo. Katika mwezi wa Ramadhani watu hufunga, na maduka mengi ya chakula hayafunguliwi mchana. Mgeni asiyejua hilo atashinda na njaa, tena ataweza kuwakosea wenyeji wake adabu kwa kula njiani. Wakati wa Maulidi, kwa upande mwingine, mji hujaa watu kutoka kila upande wa Pwani. Nyumba za kulala hupatikana kwa shida, bali furaha ni kubwa. Tarehe za siku hizo husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hiyo yafaa kuuliza upya kila mwaka.

NCHI YA JUU NA MLIMA KENYA

Watu wa Pwani wajao Nairobi mwezi wa Julai hushangaa. Jua halionekani siku nyingi, mawingu hukaa chini tangu asubuhi mpaka alasiri, na alfajiri huweza kuwa digrii 10 au 12. Katika Limuru na Nyandarua baridi huzidi. Mwenye kifua kibaya, au mwenye mtoto mchanga, asiende huko wakati huo bila nguo nzito na blanketi.

Lakini baridi ya Julai si baridi pekee ya nchi ya juu. Wengi hudhani kwamba Januari, kwa kuwa ni mwezi wa jua, hauna baridi. Kumbe usiku usio na mawingu ndio unaoachilia joto la ardhi lipande juu na kupotea, na alfajiri mabondeni huonekana sakitu, yaani umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani. Mwezi wa Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai katika Kericho na Nandi, na wakulima wengi walipata hasara. Kwa hiyo mgeni wa nchi ya juu achukue nguo ya joto mwezi wowote. Tofauti ni kwamba Julai ataivaa mchana, na Januari ataivaa usiku.

Mlima Kenya una vipindi viwili vinavyowafaa wapandaji: Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba. Katika miezi ya mvua ndefu, na hasa Aprili na Mei, njia za mlimani huwa matope matupu, na juu zaidi theluji huzificha alama za njia. Wako watu waliopotea mlimani kwa kutoonyeshana ukungu na heshima. Isitoshe, hatari ya mlima si mvua tu. Ncha ya Lenana, wanayofika wapandaji wengi, ina urefu wa mita 4,985, na hewa ya huko ni nyembamba. Mtu atokaye usawa wa bahari akipanda kwa haraka huumwa na kichwa, hutapika, na akishupaa maji huweza kuingia mapafuni akafa. Dawa yake ni kupanda polepole, kulala njiani siku kadhaa, na kuteremka mara moja dalili zizidipo. Mwezi mzuri hausaidii kitu kwa mtu mwenye haraka.

MAGHARIBI NA ZIWA

Katika Kakamega na Kericho mvua hunyesha karibu kila mwezi, nayo kwa mwaka hufikia karibu milimita 2,000. Anayengoja ukavu kamili huko atangoja sana. Lakini mvua ya huko ina saa zake: asubuhi huwa kweupe, na baada ya saa nane mawingu hukusanyika. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Msafiri wa huko ayapange mambo yake yaishe kabla ya adhuhuri. Na aliye na hiari achague Januari au Februari, mvua zikiwa zimepungua.

Jambo kubwa zaidi kwa mgeni wa ziwani ni malaria. Ugonjwa huo upo mwaka mzima katika sehemu za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, nao huzidi baada ya mvua ndefu, wakati maji yametuama na mbu wameongezeka. Mtu mzima aliyekulia huko mwili wake una kinga kidogo. Mtu wa Nyeri au Kinangop, ambako mbu wa malaria ni adimu, hana kinga hiyo, na watoto wake ndio hawana kabisa. Kila mwaka wako watu waendao kwenye mazishi au harusi ziwani, wakarudi kwao wazima, kisha baada ya siku kumi au kumi na tano homa ikawapata. Nao hudhani ni mafua ya baridi ya nyumbani. Kuchelewa huko ndiko kunakoua. Basi msafiri alale ndani ya chandarua kila usiku, amwulize daktari juu ya dawa za kujikinga kabla ya kuondoka, na akipata homa aende hospitali siku ile ile na kusema wazi ametoka wapi. Hayo ni ya lazima kwa aendaye Pwani pia.

KASKAZINI NA MARA

Turkana na Marsabit ni nchi ya watu wastahimilivu. Lodwar hupata mvua ya kiasi cha milimita 200 tu kwa mwaka, na joto la mchana hufika digrii 35 karibu mwaka mzima. Hapo hakuna mwezi wa baridi wa kungojwa. Kuna miezi ya kupitika na miezi ya kutopitika. Lami iliyofika Moyale katika miaka ya 2010 imerahisisha safari, lakini nje ya barabara hiyo kuu bado mvua ndiyo yenye amri. Mto uliokuwa mchanga mkavu asubuhi huweza kuwa maji mengi jioni, hata kama mvua yenyewe ilinyesha mbali na msafiri hakuiona. Jangwa la Chalbi likilowa hushika magari kama ulimbo. Miezi ya Juni mpaka Septemba, na Januari na Februari, ndiyo salama zaidi. Upepo wa upande wa Ziwa Turkana ni mkali, na ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo ilijengwa huko na kufunguliwa rasmi mwaka 2019. Mgeni alalaye hemani huko na azifunge kamba zake vizuri.

Waendao kutazama wanyama katika Maasai Mara huwafuata nyumbu. Makundi makubwa ya nyumbu na punda milia huingia kutoka Serengeti, upande wa Tanzania, kwa kawaida mwezi wa Julai au Agosti, nayo huanza kurudi mwezi wa Oktoba. Wanyama hao hawafuati kalenda. Hufuata majani, na majani hufuata mvua. Tena miezi hiyo ndiyo yenye bei kubwa na magari mengi. Asiyejali sana habari ya nyumbu kuvuka mto, bali ataka kuwaona simba, ndovu na twiga kwa gharama ndogo, aende Januari au Februari. Miezi hiyo huwafaa pia waendao Amboseli, kwa maana alfajiri Mlima Kilimanjaro huonekana vizuri kabla mawingu hayajaufunika.

MWAKA WA MWENYEJI

Mpaka hapa yamesemwa majira ya mbingu. Lakini Wakenya wengi hawasafiri kwenda hotelini. Husafiri kwenda kwa ndugu. Na nyumba ya ndugu ina majira yake, ambayo hayamo katika taarifa za hewa.

Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi hupandwa Machi na Aprili, nayo huvunwa tangu Oktoba mpaka Desemba. Mwezi wa Aprili kila mkono wa nyumba uko shambani. Mwezi wa Juni na Julai mahindi bado ni mabichi, ghala imekwisha, na karo ya shule imekwisha kulipwa kwa fedha iliyokuwa ya unga. Mgeni akishuka garini wakati huo na watoto wanne, atapokewa kwa vifijo. Kuku aliyekuwa akitaga atachinjwa. Unga utaletwa kwa deni. Mwenyeji hatasema neno, kwa kuwa heshima yake haimruhusu, na mgeni atarudi kwake akisema kwamba nyumba ile ina neema. Hatajua kwamba alikula mbegu.

Mgeni yule yule akienda Novemba au Desemba, hula mahindi mapya, hupewa mzigo wa kuchukua, na akishika gunia moja kulipeleka ghalani amekwisha kuwasaidia wenyeji wake. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nao walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hizo mbili hazipingani. Mgeni humponya mwenyeji ajapo wakati ufaao, na ajapo wakati usiofaa basi na ashike jembe.

Tena majira ya mashamba hayafanani. Katika Ukambani mvua za kutegemewa zaidi ni zile fupi za Oktoba mpaka Desemba. Kwa hiyo wakati watu wa Kitale wanapovuna, watu wa Machakos na Kitui wanapanda na kupalilia, nao huvuna kiasi cha Februari. Katika Kiambu na Nyeri kahawa nyingi huchumwa Oktoba mpaka Desemba, na mwenye kahawa hana nafasi ya kukaa barazani na mgeni. Mtu akihesabu kwa kalenda ya shamba lake mwenyewe, atamfikia mwenzake katikati ya kazi.

Liko pia jambo la nauli. Majuma ya Krismasi watu wa miji yote huenda kwao kwa siku zile zile. Nauli hupanda, vituo hujaa, na madereva waliokosa usingizi huendesha usiku. Anayeweza kutangulia au kuchelewa kwa juma moja ataokoa fedha, na huenda akaokoa uhai.

MVUA ISIYOTIMIZA AHADI

Baada ya kuyajua hayo yote, yapasa msafiri akumbuke kwamba majira ni desturi, si sheria. Mwisho wa mwaka 1961 mvua fupi zilizidi kipimo, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 ilipofika mwaka 1964. Mwaka 1997 mvua hizo zilizidi tena, na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ikaharibiwa vibaya. Katika miaka hiyo maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida, na bahari yenye joto huleta mawingu mengi. Kisha kuna kinyume chake: tangu Oktoba 2020 mpaka Desemba 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana katika nchi kavu za kaskazini na mashariki, na mifugo wengi wakafa. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini. Na katika Mara mto Talek ulifurika hata wageni wakaokolewa kwa helikopta.

Kwa hiyo desturi ya majira hutumiwa kuchagua mwezi, na taarifa za hewa hutumiwa kuchagua juma na siku. Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, hutoa utabiri kabla ya kila msimu wa mvua, na taarifa fupi kila siku. Huko aendako pia msafiri ana watu wa kuwauliza. Kuuliza si ujinga, barua au simu moja kwa mwenyeji, "Je, njia inapitika, na kazi za shamba zimefika wapi?" yaweza kuzuia safari ya bure.

MAJIBU YA WASAFIRI WATATU

Sasa na warudiwe wale watatu wa mwanzo. Karani wa Nairobi, ikiwa hana watoto wa shule, na aombe likizo yake Septemba, aikute demani. Ikiwa watoto wake wako shuleni, hiari yake ni likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili ni masika. Desemba ni ghali. Basi Agosti ndiyo imfaayo, mradi asitazamie bahari tulivu, na asisahau vyandarua.

Mwalimu wa Kilifi naye hufungwa na likizo zile zile. Agosti yamfaa, naye atenge siku za kutosha asipande kwa pupa, na akope koti zito kwa rafiki wa bara, kwa maana Kilifi hawezi kulipata.

Mkulima wa Kitale ndiye mwenye hesabu ngumu zaidi, kwa sababu lazima apatanishe miaka miwili ya mashamba. Desemba yeye amemaliza kuvuna, lakini binti yake anapalilia. Mwisho wa Machi binti ana nafasi, lakini mbegu za Kitale zataka kuingia ardhini. Kati ya hapo kuna majuma machache, mwisho wa Februari, ambapo mavuno ya Machakos yameingia, njia ni kavu, na shamba la Kitale limekwisha kulimwa na lingoja mvua. Akienda wakati huo atamkuta binti yake amekaa kivulini akipukuchua maharagwe mapya, naye atakula chakula kisichotolewa kwa deni.

Hakuna mwezi ulio mwema kwa Kenya yote, wala hakuna ulio mbaya kwa Kenya yote. Mei iwafungiayo njia watu wa Pwani ndiyo iwapayo majani ng'ombe wa Marsabit. Mgeni aonapo mvua imeharibu safari yake, na akumbuke kwamba mwenyeji wake huenda aliiomba mvua hiyo kwa miezi mingi.